Mbwa Aliyenyolewa Uso

Mume wangu alikuwa seremala, mimi nashona makochi. Kwa miaka mingi tulifanya kazi chini ya paa moja, yeye upande wa fremu na mimi upande wa vitambaa, na katikati yetu ukuta wa mbao wenye tundu alilolitoboa mwenyewe ili tupitishiane misumari na maneno. Mteja akisifu kiti, tuligombea sifa.

"Ameketi juu ya sufi yangu," nilisema.

"Na sufi yako imeketi juu ya nani?" alijibu kutoka upande wa pili.

Kisha vumbi la mbao likamkaa kifuani. Mwanzoni alikohoa akiranda tu. Baadaye akawa anakohoa akipanda ngazi, na mwisho akawa anakohoa akicheka, naye alikuwa mtu wa kucheka. Daktari wa kifua alimsikiliza mgongo, akampulizisha kwenye mrija wa kupimia pumzi, akamwambia hiyo ni pumu na karakana asiikanyage tena. Akampa dawa ya kuvuta na masharti. Nyumbani kusiwe na zulia, wala mapazia mazito, wala mito ya sufi, wala mnyama mwenye manyoya.

Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na jambo moja tu, nalo ni yeye apumue. Zulia nililiviringisha nikampa jirani wa ghorofani. Mapazia nilishusha, nikatundika ya kitambaa chepesi kinachofulika upesi. Mito niliyoijaza kwa mikono yangu niliitoa, nikanunua ya sponji. Nguo za kazini nilizivulia mlangoni nikazitia kwenye ndoo yenye mfuniko, maana sufi ni kitu chepesi, inakufuata nyumbani bila wewe kujua. Nililala nikisikiliza kifua chake. Kikipiga filimbi, niliamka nikafikiria nimesahau nini.

Yeye alibaki nyumbani. Mtu aliyezoea kushinda amesimama, na msumeno mkononi, sasa alishinda kwenye kiti karibu na dirisha. Fremu nilianza kununua kwa fundi mwingine, na kila jioni aliniuliza viungo vikoje. Nikimwambia vimelegea alifurahi kama mtoto. Siku moja niliporudi aliniambia, "Leo nimezungumza na birika. Halina habari mpya." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia na habari za mbwa.

Shemeji ni mdogo wake wa mwisho. Wazazi wao walipofariki, mume wangu ndiye aliyemlea. Alimsomesha, akamfundisha useremala, kijana akaukimbia. Akajaribu kuuza simu, akajaribu kuku, mwishowe akaangukia mbwa wa kufuga na kuuza, na kwa kweli mbwa walimkubali. Mabanda yake yote yalijengwa na mume wangu kabla kifua hakijamwangusha, milango inafunga vizuri mpaka leo. Mimi na shemeji tulitaniana tangu siku ya harusi.

"Shemeji, chai ipo?" aliuliza siku hiyo akiwa tayari ameshaketi.

"Ipo ya watu wanaobisha hodi."

"Basi nitoke nibishe?"

"Toka, na usirudi."

Akajimiminia. Kisha akamgeukia kaka yake. "Kaka, umeanza kufanana na kiti unachokalia. Unahitaji mbwa."

"Amekatazwa," nilisema. "Manyoya."

"Shemeji, ngoja nimalize. Kuna mbwa na mbwa. Unamjua pudo?"

"Yule anayenyolewa kama bustani ya hoteli," mume wangu alisema.

"Watu wanamwonea kwa ajili ya mitindo, lakini yule ni mbwa wa kazi. Zamani alifuatana na wawindaji wa bata. Bata akidunguliwa akaanguka majini, pudo anaogelea kumleta. Walimnyoa miguu awe mwepesi, wakamwachia nywele kifuani na kwenye viungo asipate baridi. Na nywele zake hazipukutiki. Zinakua tu, kama zako na zangu."

"Zangu zimeshaacha," mume wangu alisema akijipapasa upara.

"Sasa kuna aina nyingine, labrado. Huyo ni mpole, anafundishika, anapenda watu mpaka aibu. Ubaya wake anapukutisha manyoya kama mto uliochanika. Basi kulikuwa na mwanamke mmoja, nchi za mbali huko, haoni. Alihitaji mbwa wa kumwongoza. Mume wake akikaribiana na mbwa anadhurika. Mfugaji mmoja akafikiri, akampandisha labrado kwa pudo. Akapatikana mbwa mwenye utulivu wa huyu na nywele za yule. Mke akapata wa kumwongoza, na mume akakaa naye nyumba moja bila taabu. Ndiyo asili ya labradudo."

"Dudu?" mume wangu aliuliza.

"Labradudo, Kaka."

"Na huyo mume," nilimuuliza, "hakudhurika kweli?"

"Hakudhurika, shemeji. Kabisa."

Nilikuwa nimeacha kushona kifungo nilichokuwa nacho mkononi. Mwanamke yule nilimwelewa. Niliona kama hadithi ile imetengenezwa kwa ajili yetu, na sasa najua ndivyo ilivyokuwa.

Sikukubali siku hiyo. Nilienda kwanza kwenye mabanda kujionea. Shemeji alikuwa na uzao mpya, watoto wanagaagaa kwenye maranda ya mbao, rangi za maziwa na chai. Alinyanyua mmoja akamgeuza uso kwangu.

"Kujua yupi ni yupi, tazama uso. Huyu ana ndevu na nyusi kama babu aliyechukia. Amechukua kwa pudo, hatapukutisha. Na huyu hapa," akanyanyua mwingine, "uso laini, kama amepakwa mafuta. Huyu amechukua kwa labrado. Akikua atamwaga manyoya nyumba nzima. Wa namna hii nawapa watu wenye ua mkubwa."

"Kwa hiyo wote si sawa," nilisema.

"Mchanganyiko ni mchanganyiko, shemeji. Hata wewe na dada yako si sawa, mmoja mzuri."

"Na mmoja ana adabu. Mpe kaka yako mwenye ndevu."

"Kaka nitampa nani kama si mwenye ndevu? Namchagulia mwenyewe. Wacha wakue kidogo."

Alimleta akiwa amemfunga kwenye taulo, zawadi, hakutaka hata asante. Mbwa mdogo wa rangi ya sufi mbichi, manyoya yana mawimbi, miguu mikubwa kuliko mwili. Uso ulikuwa umenyolewa mpaka ngozi ikionekana kwa mbali, kuanzia pua mpaka chini ya macho.

"Ndevu ziko wapi?" niliuliza.

"Nimemnyoa. Huo ndio mtindo wa pudo, uso safi. Ndevu zinashika chakula, chakula kinaleta uchafu, na uchafu ni kifua cha Kaka. Nitakuwa namnyoa mwenyewe kila mwezi."

Nilimshukuru kwa kufikiria mbali kiasi hicho. Nilimpa mbwa jina la Sufi, kwa sababu ya rangi, na mume wangu akasema sasa nyumba ina sufi niliyoiruhusu mwenyewe.

Siwezi kumsema vibaya yule mbwa. Alijifunza mambo upesi, mpaka ukawa unajihadhari mbele yake. Mlango wa jikoni alijua kuufungua kwa kupiga kitasa na mguu. Alijua sauti ya viatu vya jirani wa ghorofani na ya mtu wa umeme, na hakuwabwekea bure. Akiona maji yoyote, hata ndoo ya kudekia, aliingiza miguu. Kitu kimoja kilimshinda, kuachwa peke yake. Tukitoka wote wawili aling'ata miguu ya meza, na mume wangu akiona alama za meno alisema, "Mwacheni, anaranda." Mume wangu akibanwa, Sufi alikuja akaketi mbele yake, akamkazia macho mpaka pumzi irudi. Hakulia wala kurukaruka.

Na mume wangu alibadilika. Alianza kutoka asubuhi, wanazunguka mtaa polepole wakisimama kila kona, na jioni sasa alikuwa na habari za watu. Nani amehamia, nani amegombana na nani. Birika hakulitaja tena. Mwisho wa kila mwezi walikwenda kwa shemeji, wakarudi Sufi uso unang'aa. Niliwahi kujitolea kumnyoa mimi, nina mikasi ya kila aina.

"Mkono wako ni wa makochi," mume wangu alisema. "Utamtia vifungo."

Sufi alipokuwa anaingia utu uzima, mume wangu alianza kufagia. Nilikuwa nikiamka namkuta ameshafagia sebule, ameshapitisha kitambaa kibichi kwenye viti, ameshatupa taka. Jirani wa ghorofani alimwona mlangoni na ufagio, akanijia.

"Mwenzangu, umempa nini huyu? Nipe na mimi nimpe wangu."

"Sijampa kitu. Ameamua."

"Wangu akiona ufagio anadhani ni wa kumpigia."

Tulicheka. Nilijivuna, sikatai. Mteja akikaa karakanani akilalamika kuhusu mumewe, mimi nilinyamaza kwa raha ya mwanamke ambaye mume wake anafagia.

Lakini kifua hakikutulia. Kiliwahi kupoa miezi ya mwanzo ya mbwa, kisha kikaanza upya, kibaya kuliko kwanza. Siku moja nilipokuwa nakung'uta foronya niliona nyuzi nyepesi, nyeupe zenye unjano kidogo, zimeshikana na kitambaa upande anaolala yeye. Kazi yangu ni hiyo. Kutwa nzima nachambua sufi, nafungua makochi ya zamani yaliyojazwa kila takataka, aproni yangu haikosi nyuzi. Nilimwonyesha.

"Nimekuletea sufi mpaka kitandani," nilimwambia. "Mimi ndiye ninayekubana."

Alizitazama nyuzi zile kwenye kidole changu. Akanishika mkono, akazipuliza zikaondoka. "Usijali," alisema. "Kidogo hivyo hakiui mtu."

Nilijali. Nyuma ya karakana kuna bomba, fundi wa jirani analitumia kuoshea brashi. Nilitundika turubai nikawa naoga pale kabla ya kurudi nyumbani, maji ya baridi, hata msimu wa upepo. Nywele nilizifunga kitambaa, kisha nikazikata kabisa. Kazi za kufungua makochi ya zamani nilianza kuzikataa, na hizo ndizo zilizokuwa nyingi. Nikifika nyumbani nimelowa maji, mume wangu alinitazama, akaniwekea chai. Mara moja tu alisema, "Usiwe unaoga nje, utaugua," nami nikamwambia heri niugue mimi. Sufi alikuwa amelaza kichwa juu ya mguu wake.

Tulirudi kwa daktari wa kifua. Akauliza kama kuna mnyama ndani.

"Yupo mbwa," nilisema, "lakini ni yule asiyepukutisha. Mchanganyiko wa pudo."

"Hata hao hutofautiana," daktari alisema. "Na si manyoya tu, hata mate na magamba ya ngozi. Manyoya yake huwa yanapukutika?"

Mimi nilisema hapana. Niligeuka kwa mume wangu aunge mkono. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, amevikazia macho.

"Kifua hiki kiliharibiwa na mbao, daktari," alisema. "Mbwa amekikuta hivyo hivyo."

Alifariki mchana, siku ya kazi, nikiwa na msumari mdomoni. Jirani wa ghorofani alisikia Sufi akibweka bila kukoma, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akashuka. Dawa ya kuvuta ilikuwa mkononi mwake mume wangu, imekwisha kutumika. Daktari alisema kifua kilikuwa kimechoka na hakuna mtu anayeweza kuonyesha kitu kimoja akasema ni hiki. Alisema hivyo ili kunisaidia. Mimi kitu kimoja nilikuwa nacho. Niliamini nimemuua kwa sufi.

Hata nilipokuja kurudi karakanani niliendelea kuoga nje kwa muda, hakuna wa kumlinda, mwili umezoea tu.

Kabla ya kurudi, katika wiki za msiba, hakuna aliyefagia. Watu walikuja wakaondoka, nikabaki mimi na Sufi, na mimi nilikuwa nakaa tu. Sakafu ikaanza kuvaa kitu. Kwanza kwenye kona, kisha chini ya kiti chake, mabonge mepesi ya rangi ya sufi yanayosogea mlango ukifunguliwa. Nilikuwa sijaenda karakana. Hapakuwa na nguo ya kazi ndani ya nyumba. Niliyatazama siku kadhaa kabla akili haijafika. Nikamwita Sufi, nikapitisha mkono mgongoni mwake mara moja, kama ninavyojaribu kitambaa. Nikageuza kiganja. Kilikuwa kimejaa.

Nikamtazama uso. Hakuwa amepelekwa kunyolewa tangu msiba. Manyoya ya uso yalikuwa yamesharudi, mafupi, yamelala, laini kama amepakwa mafuta. Hakukuwa na ndevu wala nyusi. Nilisubiri tena wiki nyingine na nyingine. Hayakuongezeka.

Bado sikwenda kwa shemeji. Nilijiambia huenda alikosea, watoto wa mbwa wanafanana, amefiwa kama mimi. Alikuwa analia mazishini mpaka watu wanamshika. Nilimtafutia kila sababu. Nadhani ningeendelea kumtafutia, kama simu isingelia.

Nilikuwa nimerudi karakanani. Ilikuwa namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke, mpole.

"Samahani dada, sitakuchukulia muda. Nimepewa namba yako na yule ndugu anayefuga mbwa. Nina mtoto wa kiume ana pumu, na anatamani mbwa mpaka anaota. Ameniambia mume wako ana pumu na anaishi na mmoja, na hana shida yoyote. Nilitaka nisikie kwako, mwanamke kwa mwanamke."

Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikaendelea kukishika.

"Amekuambia lini hayo?" nilimuuliza.

"Jana. Alisema kaka yake anatembea naye mtaa mzima kila asubuhi."

"Nitakupigia leo leo," nilimwambia. "Usimchukue mbwa kabla sijakupigia."

Nilimkuta shemeji ameketi kwenye kigoda, mtoto wa mbwa katikati ya magoti, mashine ya kunyolea mkononi. Alikuwa ananyoa uso. Kwenye boksi kando walikuwepo wengine wawili wameshamalizwa, nyuso tupu, na huwezi kujua yupi alikuwa nani. Alizima mashine aliponiona.

"Shemeji. Umepotea mpaka tumeanza kukusahau."

"Kaka yako anatembea kila asubuhi?" nilimuuliza.

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akamweka mbwa chini polepole.

"Yule mama amekupigia."

"Amenipigia kumwulizia marehemu hali yake."

"Ni maneno ya biashara tu, shemeji. Sikuwa na nia ya..."

"Huyo unayemnyoa ana ndevu?"

Mtoto wa mbwa alijikung'uta akaenda kunusa kiatu changu.

"Na Sufi," nilisema. "Ulimnyoa kabla hajaja kwangu. Nilikuomba mwenye ndevu. Nilisimama hapa hapa, kwenye mabanda aliyokujengea, nikakuomba."

"Wenye ndevu walikuwa wameshachukuliwa na watu," alisema. "Wote. Alibaki yule. Nikasema Kaka ni wangu, akileta shida nitambadilishia uzao ujao. Nilikuwa na nia hiyo, haki ya Mungu."

"Kwa hiyo wageni uliwapa wanaofaa, na aliyekulea ukampa aliyebaki."

"Nilitaka kumbadilishia. Muulize..." akasita.

"Nimuulize nani?"

Akakaa tena kwenye kigoda. Alikuwa na sura ya mtu anayepima kama ajiokoe au aninusuru, na akachagua kujiokoa.

"Kaka alijua," alisema. "Manyoya yalipoanza kutoka alikuja naye hapa. Nikamwambia ukweli wote. Nilimwambia hata kule ilikoanzia, kwa yule mwanamke asiyeona, uzao ule ulikuwa na watoto kadhaa, wakapima manyoya na mate yao kwa yule mume, akapatikana mmoja tu asiyemdhuru. Mmoja. Wengine walimdhuru kama mbwa yeyote. Nilimwambia nirudishie, nitakupa mwingine. Akakataa."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mwingine si huyu.' Nikamwambia basi mwambie shemeji. Akasema, 'Nikimwambia atamtoa kabla jua halijazama, nami nitarudi kuongea na birika.' Ndiyo maneno yake. Akaniomba niendelee kunyoa uso, usije ukauliza."

Habari ya birika hakukuwa na mtu aliyeijua isipokuwa mimi na mume wangu. Kwa hiyo nilijua hadanganyi.

"Alikuwa anafagia," nilisema.

"Alinunua mashine ndogo ya kufyonza vumbi pia. Aliiacha hapa, alikuwa anakuja kumpitishia Sufi mwilini. Shemeji, alikuwa anakupenda, alikuwa hataki..."

"Nilikata nywele," nilimwambia. "Nilioga bombani mwaka mzima. Alikuwa ananitazama naingia nimelowa maji. Nilimwomba msamaha kwa manyoya ya mbwa wako, na yeye akayapuliza."

Shemeji alifuta macho kwa kiganja chenye manyoya. "Nimchukue Sufi?" aliuliza. "Nikuondolee?"

"Wewe hutanichukulia wala hutaniletea kitu tena," nilisema. "Na watoto hawa acha kuwanyoa. Anayekuja kununua aone nyuso."

"Nitamuuzia nani sasa wenye nyuso laini?"

"Wenye ua mkubwa. Si ulinifundisha mwenyewe."

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilikuwa nazungumza na mume wangu kwa sauti, watu wananipisha. Nilimwambia ningemtoa, ndiyo. Ningemtoa siku ile ile. Halafu ningefunga karakana nikae naye mimi, au ningemletea mbwa mwenye ndevu, au ndege, au ningehamishia meza yangu sebuleni nishone kofia badala ya makochi, sijui, tungetafuta. Hakunipa nafasi ya kutafuta. Alichagua, na kwenye kuchagua huko akaniachia mimi lawama niibebe, akaniona nimeibeba, akaniwekea chai.

Nilimpigia yule mama nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumbani kwangu. Nilimwambia mume wangu amefariki, na kwamba yule ndugu hakumwambia ukweli. Alisema pole mara nyingi. Nilimweleza habari ya uso, kwamba aombe kuwaona watoto kabla hawajaguswa na mashine, achague mwenye ndevu na nyusi, na hata huyo asimchukue mpaka mwanawe amekaa naye chumba kimoja, ameshikana naye, amelambwa, siku mbalimbali, na daktari wake amemsikiliza kifua. Aliandika, nilimsikia akirudia maneno.

"Na kama atamdhuru lakini mtoto ameshampenda?" aliuliza. "Nitafanyaje?"

"Hapo sijui," nilisema. "Ila mjue wote wawili. Asijue mmoja peke yake."

"Mume wako alijua?"

"Alijua."

"Akakaa naye hivyo hivyo?"

"Akakaa naye."

"Alikuambia kwa nini?"

Nilimwambia hapana, hakuniambia. Akasema pole tena, akakata simu.

Shemeji hajafika kwangu tangu siku hiyo. Hutuma salamu kupitia watu, nami huzipokea mbele yao kwa sababu hawajui. Sufi nipo naye. Asubuhi nafagia, jioni nafagia tena. Watu wanaokuja kunitazama humkumbuka mume wangu kwa ucheko wake, na wengi husema alikuwa mtu asiyeficha jambo, ungemsoma usoni. Namwachia kila mmoja amalize. Kisha namuuliza kama atakunywa chai.